Kausha Damu: Jinsi Uchovu Ulivyokula Mshahara Wangu

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili usiku, nikiwa bado ofisini Mikocheni. Kwetu sisi watu wa magazeti, wiki ya kupeleka kurasa kiwandani haina usiku wala mchana, na nilikuwa nimebakiza kurasa nne za kusoma. Simu ikaita. Mama mkwe, kutoka Lushoto. Moyo ukanilipuka, maana si kawaida yake kupiga saa hizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Kwema?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna meseji imeingia kwenye simu yangu. Mtoto wa jirani amenisomea. Inasema wewe ni mdaiwa sugu, umekimbia deni, na mimi ndiye mdhamini wako. Una shida gani, mama?"

Mpenzi msomaji, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 180,000. Nilikopa kwenye moja ya zile programu za mikopo ya simu, zile ambazo mtaani zinaitwa kausha damu, nikachelewa kulipa siku tano. Siku naipakua iliniomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo kwenye simu yangu. Nikabonyeza "kubali" bila kusoma, mkono mmoja nimeshika simu, mwingine nimembeba mtoto. Sasa walikuwa wanatuma ujumbe kwa jina moja baada ya jingine. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kupiga. Wa pili alikuwa mwalimu wa mwanangu.

Na baba watoto hakuwa anajua lolote.

Nakusimulia haya nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mimi ndiye ninayehariri makala za bajeti kwenye kurasa hizi. Nina shahada ya mawasiliano, mume wangu ni mhasibu. Ukituuliza namna ya kupanga matumizi ya nyumba tutakupa darasa la saa nzima. Kwa hiyo hatukukosa elimu. Kilichotushinda ni uchovu, na hicho ndicho nataka tuongee leo.

Mtu mzima hachoki?

Nina miaka 36 na watoto wawili. Mkubwa ana miaka sita, mdogo ana mwaka mmoja na miezi minne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na baba siku 3. Siku zangu 84 ziliisha upesi kuliko nilivyotegemea, nikarudi kazini mtoto akiwa bado anaamka mara nne kwa usiku mmoja. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kunyonyesha. Ni jambo jema kabisa, lakini hebu niambie, nani anatoka Mikocheni kwenda Tabata Segerea na kurudi ndani ya saa mbili kwa foleni zetu hizi?

Siku yangu ilikuwa inaanza saa kumi na nusu alfajiri. Gari la shule linapita saa kumi na mbili kasoro robo, na dereva akipiga honi mara mbili hujatoka, anaondoka. Kisha ni daladala mbili hadi ofisini, kazi mpaka jioni, daladala mbili tena. Nafika nyumbani saa mbili usiku, mtoto mdogo ananirukia kama hajaniona mwaka mzima, mkubwa anataka nimsaidie kazi za shule. Saa tano nalala. Saa sita mdogo analia. Saa nane analia tena.

Nilikuwa najiambia ni kipindi tu, kitapita. Si unajua tunavyosema, mtu mzima hachoki. Kichwa kikiuma, dukani kuna dawa. Usingizi ukinibana saa nane mchana, kuna kinywaji cha kuongeza nguvu cha shilingi 1,000. Mgongo ukiuma, diklofenaki ipo kwenye mkoba. Nilikuwa nahema nikipanda ngazi za ofisini, ghorofa mbili tu, nikadhani ni unene.

Pesa nazo zikawa zinaondoka bila kuaga. Jumamosi nanunua mchicha, nyanya, samaki, naujaza friji kwa matumaini makubwa. Ikifika Jumanne, narudi nimechoka kiasi kwamba kuuchambua ule mchicha ni sawa na kupanda mlima. Nampigia kijana wa chipsi. Ikifika Ijumaa mchicha umeoza, tunautupa. Asubuhi nimechelewa kwa sababu sikulala, naita bodaboda. Jioni siwezi kusimama kwenye daladala, naita gari kwa simu. Tarehe 18 mfuko umetoboka, nakopa kwenye simu ili nifike mwisho wa mwezi. Mwezi unaofuata nakopa kulipa ule mkopo wa kwanza.

Kila uamuzi peke yake ulikuwa mdogo. Hakuna hata siku moja niliyoamka nikasema leo nafuja hela.

Usiku ule nyumbani

Nilimweleza mume wangu usiku uleule, maana mama yake alikuwa ameshampigia. Natamani nikwambie kwamba alinikumbatia. Hakunikumbatia.

"Umenidhalilisha kwa mama yangu," alisema.

"Na wewe umeniacha na mtoto peke yangu kila usiku mwaka mzima," nikamjibu.

Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana yaliuma. Tulilala kila mmoja ameangalia ukuta wake. Asubuhi alilipa lile deni la 180,000 kwa hela aliyokuwa ametenga ya kununua simu, akaondoka bila kunywa chai. Mimi nikampigia mwalimu kumwomba radhi.

Jumamosi, watoto wakiwa wamelala mchana, alikuja na daftari akakaa mezani. Nikajiandaa kusomewa mashtaka. Badala yake akasema, "Mama watoto, na mimi nina langu." Ile ada ya shule ya muhula wa pili, niliyodhani imetoka kwenye akiba yetu, alichukua mshahara wa mbele kazini, shilingi 250,000, na kila mwezi walikuwa wanamkata. Akiba haikuwepo. Ilikwisha siku nyingi. Hakuniambia kwa sababu, alisema, "kila nikitaka kukwambia unakuwa umeshasinzia."

Tulicheka, jamani. Tulicheka huku machozi yanatoka. Watu wawili wasomi, kitanda kimoja, kila mtu na deni lake chini ya mto.

Bei ya uchovu

Tukachukua simu zetu, tukafungua taarifa za miamala ya mwezi mmoja, tukaandika kila hela iliyotoka kwa sababu tu mmoja wetu alikuwa amechoka. Hatukuhesabu chakula cha kawaida wala nauli ya kawaida. Haya ndiyo tuliyoyapata:

• Chipsi na vyakula vya kununua usiku, mara 14: shilingi 182,000.
• Bodaboda na magari ya kuita kwa simu: 118,000.
• Vinywaji vya kuongeza nguvu na dawa za maumivu: 34,000.
• Vyakula vilivyooza kwenye friji, kwa makadirio: 40,000.
• Riba na faini za mikopo ya simu: 61,000.

Jumla: shilingi 435,000. Kodi ya nyumba yetu ni 400,000. Maana yake tulikuwa tunalipa kodi mbili kila mwezi, moja kwa mwenye nyumba na nyingine kwa uchovu.

Mume wangu, mhasibu kwelikweli, akataka tuanze mara moja kukata matumizi: hakuna chipsi, hakuna bodaboda. Nikamwambia sawa, lakini Jumanne nikirudi saa mbili usiku miguu inatetemeka, nani atapika? Hapo ndipo tuligundua kosa la bajeti zetu zote zilizopita. Zilipangwa Jumapili mchana na watu waliolala, zikategemewa zitekelezwe Jumanne usiku na watu ambao hawajalala. Akanitazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akasema, "Kesho kutwa unaenda hospitali."

Kadi niliyokuwa nayo muda wote

Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba bima ya afya ninayo. Kila mwezi nakatwa kwenye mshahara. Nilikuwa nimeitumia kwa watoto tu. Kwa ajili yangu mwenyewe, tangu nijifungue, sikuwahi.

Presha ilisoma 148 kwa 96. Wakachukua damu. Wingi wa damu ulikuwa 9.1. Daktari alinieleza kwamba kwa mwanamke asiye mjamzito wanataka isipungue 12. "Mama, wewe huna uvivu," alisema. "Huna damu." Mimba mbili, kunyonyesha huku nakula ovyo, na hedhi nzito tangu nijifungue, vyote vilikuwa vimenimaliza taratibu. Nilikumbuka lile jina la mikopo ya mtaani, nikatabasamu peke yangu kama chizi.

Kisha akaniuliza dawa gani natumia. Nikataja diklofenaki, karibu kila siku. Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza kupandisha presha, na zikitumiwa mfululizo zinaweza kukwangua tumbo mpaka likavuja damu kidogokidogo bila wewe kujua. Ukiongeza vinywaji vile vyenye kafeini nyingi, ambavyo navyo vinasukuma presha na kufukuza usingizi, basi unakuwa unazima moto kwa petroli. Kwa hiyo zile 34,000 za kila mwezi nilikuwa nazitoa ili nizidi kuumwa.

Hakunipa dawa ya presha siku ile. Alisema kipimo kimoja hakitoshi; ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti ndipo wanaita ugonjwa. Alinitaka niache dawa za maumivu na vinywaji vile, nipunguze chumvi, nipime mara kwa mara, nirudi baada ya wiki mbili. Kwa upande wa damu alinipa vidonge vya madini ya chuma, akaniambia vitafanya choo kiwe cheusi nisishtuke, na nivinywe kwa miezi kadhaa hata nikijisikia nimepona. Pia aliniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: chai na kahawa wakati wa kula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, hasa ya maharage na mboga za majani, wakati machungwa na ndimu husaidia. Mimi nilikuwa mtu wa chai na kila mlo. Siku hizi chai nainywa saa nzima au zaidi baada ya kula, na mboga naikamulia ndimu.

Nilipomuuliza na usingizi je, alijibu kwa kifupi: mtu mzima anahitaji angalau saa saba. "Mimi napata nne," nikasema. "Basi huyo anayekupa nne ndiye uje naye," akajibu. Mume wangu alikuwa amekaa nje kwenye benchi.

Tulivyopanga upya

Sitaki nikudanganye kwamba maisha yalibadilika kwa wiki moja. Lakini tulianza na usingizi, sio na hela, na hapo ndipo mambo yalipoanza kukaa sawa. Haya ndiyo tuliyofanya, uchukue yatakayokufaa.

Zamu za usiku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baba analala na mdogo. Mimi nalala chumba cha pili na mlango nimeufunga. Usiku wa kwanza mtoto alilia dakika arobaini na mimi nililia naye upande wa pili wa ukuta. Wiki ya tatu alikuwa anaamka mara moja. Kumbe nusu ya kuamka kwake ilikuwa ni kusikia harufu ya maziwa.

Jumapili ya jikoni. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa amechoka kuliko sisi sote, na hatukuwahi kumuuliza. Sasa Jumapili ni siku yake, anaenda kanisani na kwa ndugu zake. Sisi wawili tunaingia jikoni. Kilo mbili za maharage tunaziloweka Jumamosi usiku ili yaive haraka na kuokoa gesi, tunachemsha, tunagawa kwenye makopo, tunagandisha. Dagaa tunachambua na kukaanga wa wiki nzima. Jumanne nikirudi nimechoka, kazi iliyobaki ni kuunga maharage na kusonga ugali, dakika ishirini. Chipsi za jirani zinachukua dakika arobaini kufika.

Mboga za siku mbili tu. Tuliacha kujaza friji. Dada ananunua mafungu mawili ya mchicha au tembele genge la jirani, yanaliwa, ananunua mengine. Ni kweli genge lina bei kuliko sokoni, lakini mchicha unaoliwa ni rahisi kuliko mchicha unaotupwa.

Fungu la uchovu. Huyu alikuwa mume wangu. Alisema wiki ya kupeleka kurasa kiwandani inajulikana, kwa hiyo iwekwe kwenye bajeti. Kila mwezi tunatenga 60,000 za chipsi na usafiri wa siku hizo ngumu. Nikizila, nazila bila dhambi.

Saa tatu usiku ni mwisho. Baada ya saa tatu usiku, kwetu hakuna kukopa, hakuna kununua mtandaoni, na hakuna kujadili hela. Jambo linasubiri asubuhi. Ungeshangaa ni mangapi yakifika asubuhi yanakuwa hayana haja.

Mikopo ya simu tuliifuta. Deni langu lililobaki kwa wakopeshaji wengine wawili lilikuwa 155,000, tukalimaliza ndani ya miezi miwili. Na kwa wewe unayefikiria kukopa usiku huu: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Angalia kwanza kama anayekukopesha ana leseni. Na akianza kusambaza deni lako kwa ndugu na majirani, ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna tume ya kupokea malalamiko yako. Deni utalipa, ndiyo, lakini kudaiwa hakumpi mtu haki ya kukuanika.

Leo

Nilirudi hospitali baada ya wiki mbili kama nilivyoambiwa. Presha ilisoma 132 kwa 84. Daktari alifurahi, ila akaniambia bado naangaliwa. Damu ilichukua muda zaidi. Mwezi wa tatu ilifika 11.8. Ngazi za ofisini nazipanda bila kusimama kwenye kona kujifanya nasoma tangazo. Mume wangu naye alipima. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na amenitambia mpaka leo.

Mwezi uliofuata baada ya lile daftari, tulihesabu tena bei ya uchovu. Ilikuwa 127,000. Haikuwa sifuri, na sidhani kama itafika sifuri tukiwa na mtoto wa umri huu na kazi hizi. Wiki iliyopita, kwa mfano, mdogo alikuwa na homa, hatukulala siku mbili, tukala chipsi siku mbili. Zilitoka kwenye fungu lake. Hakuna aliyegomba.

Kama una mwenzako, nakuomba kitu kimoja mwezi huu. Kabla hamjakaa kujadili hela, ulizaneni kwanza: jana ulilala saa ngapi? Na kama unalea peke yako, najua zamu za usiku huna wa kugawana naye. Basi mtafute dada, shangazi au rafiki wa kukuachia hata usiku mmoja kwa wiki, na kadi ya bima kama unayo itumie kwa ajili yako mwenyewe. Uchovu usioisha hata ukilala, kuhema, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, hayo siyo maisha ya kawaida ya mzazi. Kapime.

Nimesahau kukwambia kuhusu mama mkwe. Wiki moja baada ya ile simu alipiga tena, akaniambia niende stendi, kuna mzigo kwenye basi la Lushoto. Nikakuta kiroba cha maharage, matunda damu, na mabungo ya kabichi makubwa kama kichwa cha mtu. Nikampigia kumshukuru na kumwomba msamaha kwa ile aibu.

"Aibu gani?" akasema. "Nilidhani unaumwa. Kumbe kweli ulikuwa unaumwa. Kula, ulale, mtoto mpe baba yake."

Ndicho ninachofanya. Tukutane toleo lijalo.